Kufungasha Python Mpya Bila Kuiangusha Debian

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasimamizi wa seva za vyuo, SACCOS na ofisi ndogo ni hili: "Seva yetu ni Debian 12, Python yake ni 3.11, na mfumo mpya tulioletewa unadai 3.13. Tuiweke vipi?" Wengine wameshafika mbele zaidi. Wamejenga kifurushi, kimeingia kwenye mashine moja bila kulalamika, na sasa wanataka kujua kama wanaweza kukisambaza kote. Nawajibu wote hapa kwa pamoja.

Nimechukua Python ndani ya Debian kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi, na kwa sababu Ubuntu na Raspberry Pi OS zimejengwa juu ya Debian. Anayefungasha PHP, Ruby au Node.js atabadilisha majina ya vifurushi, lakini hatua atazitambua.

Python ni rantaimu, yaani programu inayoziendesha programu nyingine. Unapoibadilisha, suala kubwa ni kama kila kilichoiegemea kitaendelea kusimama. Kujenga kifurushi ni sehemu fupi ya kazi. Kupima vilivyokiegemea ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo wengi wanaporuka hatua. Tena ukishafungasha, kifurushi ni chako: timu ya usalama ya Debian haitakitunza kwa niaba yako.

## Kabla ya kuanza: je, unahitaji kweli?

Jiulize haya matatu kwa uaminifu.

- Je, mfumo huo umewahi kujaribiwa kwenye 3.11? Mara nyingi "inadai 3.13" ni mstari mmoja tu kwenye faili la usanidi, ulioandikwa kwa sababu mtengenezaji alikuwa na 3.13 kwenye kompyuta yake.
- Je, unaweza kuhamia Debian 13? Ilitoka Agosti 2025 ikiwa na Python 3.13. Kama seva zako ni mbili au tatu, kuhama ni nafuu kuliko kutunza kifurushi chako mwenyewe kwa miaka.
- Je, kontena litakutosha? Litakutosha ikiwa yupo mtu mwenye jukumu la kulijenga upya kila Python inapopata kiraka cha usalama. Kontena lililosahaulika hubaki na tundu lilelile, tofauti ni kwamba halionekani.

Ukiwa na mashine nyingi, au mfumo mwingine unaokuzuia kuhama Debian 12, endelea kusoma.

## Usiguse /usr/bin/python3

Hili naliweka mwanzo kwa sababu ndilo linaloharibu mashine nyingi kuliko yote mengine. Mtu anajenga Python 3.13, anaona amri ya python3 bado inaonyesha 3.11, anabadilisha kiungo cha /usr/bin/python3 kielekee 3.13, kwa mkono au kwa update-alternatives. Papo hapo anaona ameshinda. Baadaye add-apt-repository inagoma ikisema haioni moduli ya apt_pkg, apt-listchanges inakatika katikati ya usakinishaji, na unattended-upgrades inaacha kuleta masasisho ya usalama.

Sababu yake ni hii. Debian huweka moduli zake zote za Python katika /usr/lib/python3/dist-packages, na matoleo yote ya Python 3 yaliyofungashwa na Debian husoma saraka hiyo moja. Moduli zilizoandikwa kwa Python tupu zinaweza kusomwa na toleo lolote. Zile zilizotafsiriwa kutoka lugha ya C zimebeba namba ya toleo kwenye jina la faili, kwa mfano cpython-311-x86_64-linux-gnu.so, na 3.13 haitazipakia hata kidogo. Programu itaiona saraka ya moduli kama numpy, itaingia ndani, kisha itaanguka.

Kwa hiyo:

- Acha kifurushi cha python3 kama kilivyo. Kinatoka kwenye chanzo kinachoitwa python3-defaults; usikifungashe upya.
- Kifurushi chako kiwe python3.13, kikae pembeni ya python3.11, na kiitwe kwa jina lake kamili.
- Kila mfumo unaotaka 3.13 uwe na mazingira yake pepe, yaliyoundwa kwa python3.13 -m venv.
- Usijenge kwa "make install" ndani ya /usr/local. Skripti zinazoanza na /usr/bin/env python3 zitaanza kuitumia Python hiyo bila wewe kujua. Asiye na njia nyingine atumie "make altinstall", ambayo haiweki amri ya python3.

## Tambua aina ya sasisho

Watu husema "sasisho" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitatu, na kila kimoja kina hatari yake.

Kiraka cha usalama ndani ya toleo lilelile. Debian 12 ilitoka Juni 2023 na Python 3.11.2, na namba hiyo haikusogea hata waandishi wa Python walipoendelea kutoa 3.11.3 na kuendelea. Watunzaji wa Debian huchukua kiraka kimoja kinachohusika, hukipandikiza, na kuongeza alama kama +deb12u1 mwishoni mwa namba. Mabadiliko yanakuwa machache na yanasomeka yote kwa macho.

Toleo dogo ndani ya safu, kwa mfano 3.13.4 kwenda 3.13.5. Hapa ndipo watu hulegeza mkono, na mimi nawasihi msilegeze. Septemba 2022, toleo dogo la 3.10.7 liliweka kikomo: kugeuza namba nzima kuwa maandishi, au maandishi kuwa namba, kukapigwa marufuku pale tarakimu zinapozidi 4300, isipokuwa msimamizi aongeze kikomo hicho mwenyewe. Lilikuwa suala la usalama na uamuzi una sababu zake, lakini programu za hisabati zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zilianza kutoa makosa. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Februari 2021, toleo la 3.9.2 lilibadilisha jinsi anwani za wavuti zinavyochambuliwa: nukta mkato ikaacha kuhesabiwa kuwa kitenganishi cha vigezo. Fomu zilizotegemea tabia ya zamani zilipokea data pungufu, bila kosa lolote kuandikwa popote.

Safu mpya, kwa mfano 3.11 kwenda 3.13. Hapa kuna vitu vimeondolewa kabisa. Python 3.12 iliondoa distutils, imp, asyncore na asynchat. Python 3.13 iliondoa moduli 19 kwa mpigo, zikiwemo cgi, crypt na telnetlib. Kama una skripti ya zamani inayoingia kwenye swichi za mtandao kwa telnet, au inayotengeneza nywila kwa crypt, itakufa siku utakapoihamisha.

Kabla ya kujenga chochote, pita kwenye msimbo wa ofisi yako na utafute majina hayo:

    grep -rnE '^\s*(import|from)\s+(cgi|crypt|telnetlib|imp|distutils|asyncore|asynchat)\b' /srv

Kisha endesha majaribio ya mfumo wako kwenye Python ya zamani kwa kuongeza -W error::DeprecationWarning. Maonyo ambayo kila mtu huyapuuza yatageuka kuwa makosa, na utajua mapema kipi kinakwenda kuondoka.

## "Mbona nisichukue tu kifurushi cha Debian 13 nikakiweke kwenye 12?"

Kwa sababu kimejengwa dhidi ya maktaba za Debian 13. Kitataka libc6 mpya zaidi, apt itaileta, na baada ya muda mfupi utakuwa na mashine ambayo si 12 wala 13, na hakuna atakayeweza kukusaidia. Chukua chanzo, ukijenge ndani ya Debian 12.

Ongeza mstari wa deb-src wa trixie, yaani Debian 13, kwenye orodha yako ya apt, usiongeze ule wa deb. Kwa njia hiyo apt inaweza kushusha vyanzo vipya lakini haiwezi kuleta vifurushi vyake kwa bahati mbaya. Halafu:

    apt update
    apt source python3.13/trixie

## Kagua chanzo

Machi 29, 2024, mtengeneza programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa ssh kulikuwa kunachelewa kidogo. Sehemu ya hila ile ilikuwa ndani ya faili lililofungwa kwa ajili ya kusambazwa, haikuwemo kwenye hifadhi ya git ambayo watu wote waliiangalia. Vifurushi vile vilishafika unstable na testing za Debian. Stable ilinusurika.

Kwa hiyo usiseme "nimeshusha kutoka tovuti rasmi, inatosha."

- Chanzo kilichotoka Debian: hakikisha saini ya faili la .dsc imekubaliwa. apt source hufanya hivyo, mradi usipuuze onyo lake.
- Chanzo kilichotoka kwa waandishi wa Python moja kwa moja: thibitisha saini. Kuanzia 3.14 hawatoi tena saini za PGP, wanatumia sigstore, kwa hiyo skripti yako ya zamani ya uthibitisho itahitaji kuandikwa upya.
- Linganisha faili lililoshushwa na lebo ya toleo hilo kwenye git. Tofauti ziwepo kwa sababu unayoweza kuieleza.
- Toa tofauti kati ya chanzo cha jana na cha leo kwa debdiff, kisha isome. Ikiwa ni ndefu mno, soma angalau mabadiliko ya configure, Makefile na saraka ya debian/.

## Namba ya toleo

Kosa dogo hapa hukufuata kwa miaka. Tuseme Debian 13 ina 3.13.5-2 na wewe unaijenga kwa ajili ya Debian 12. Ukiandika 3.13.5-2ofisi1, namba yako itakuwa *kubwa* kuliko ya Debian. Siku utakapohamia Debian 13, kifurushi chako cha zamani kitang'ang'ania mahali pake. Tumia kiwimbi:

    dch --local ~ofisi "Kujengwa upya kwa ajili ya Debian 12"

Utapata 3.13.5-2~ofisi1, ambayo dpkg huiona ndogo kuliko 3.13.5-2. Usiniamini mimi, iulize dpkg:

    dpkg --compare-versions 3.13.5-2~ofisi1 lt 3.13.5-2 && echo sawa

Matoleo ya majaribio nayo yaandikwe hivyo: 3.14.0~rc1-1, ili toleo kamili likija lilifute.

## Viraka vyako

Ushauri wangu ni mkali kidogo: usiwe na viraka. Kama huna budi, kila kimoja kikae katika debian/patches, kiwe na maelezo yake juu, kiseme kimetoka wapi, kinatibu nini, na kama waandishi wa programu wamepelekewa.

Anayeona ni urasimu akumbuke OpenSSL. Mwaka 2006 kiraka cha Debian kiliondoa mistari iliyokuwa ikileta maonyo kwenye chombo cha kukagua kumbukumbu. Nia ilikuwa njema. Mistari ile ndiyo iliyokuwa ikiingiza ubahatishaji kwenye utengenezaji wa funguo. Kilichobaki ni namba ya mchakato, ambayo ina thamani zisizozidi 32,768. Funguo za ssh na vyeti vilivyotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu vikawa vinaweza kubahatishwa, na tatizo lilitangazwa Mei 2008, baada ya takribani miaka miwili. Kwa rantaimu, onyo usilolielewa lipeleke kwa walioandika msimbo. Usilinyamazishe.

## Kujenga

Jenga ndani ya mazingira safi ya Debian 12 (bookworm) kwa sbuild au pbuilder. Usijenge kwenye kompyuta unayofanyia kazi. Kompyuta yako ina maktaba ulizoweka mwaka jana na kuzisahau. Kifurushi kitazikuta, kitazitumia, kisha kitakosa kufanya kazi kwa mwenzako.

    sbuild -d bookworm python3.13_3.13.5-2~ofisi1.dsc

Mambo ya kuangalia:

- Intaneti ifungwe wakati wa ujenzi. Ujenzi unaoshusha kitu njiani hauwezi kurudiwa, na hujui umeshusha nini.
- Moduli zilizoachwa kimyakimya. Hili ndilo la hatari zaidi. Python inapojengwa na kukosa faili za maktaba fulani, haisimami. Inamaliza kazi na kuorodhesha mwishoni moduli za hiari ambazo haikuweza kuzijenga. Wengi hawafiki mwisho wa kumbukumbu ya ujenzi. Wanasambaza Python isiyo na sqlite3 au lzma.
- tkinter na gdbm. Kwenye Debian hizi zinatoka kwenye chanzo kingine, python3-stdlib-extensions. Usishangae zikikosekana, amua kama unazihitaji.
- Maktaba za ndani. Kifurushi cha Debian hutumia expat na OpenSSL za mfumo. Usikubali kishawishi cha kutumia nakala ya expat iliyokuja ndani ya chanzo ili tu ujenzi upite, maana nakala hiyo haitapata masasisho ya usalama ya Debian.

Kwa mwenye kompyuta moja na bando la kuhesabu: weka apt-cacher-ng, ili vifurushi vya ujenzi vishushwe mara moja tu. Ujenzi wa kwanza wa kujaribu fanya kwa DEB_BUILD_OPTIONS=nocheck, uone kama msimbo unatafsirika. Ukishatafsirika, washa majaribio na uache kompyuta ifanye kazi usiku, ikiwa kwenye UPS kama umeme wa kwenu ni wa mashaka. Kifurushi kilichojengwa kwa nocheck kisitoke nje ya kompyuta yako.

## Majaribio

"Majaribio ya Python yenyewe yamepita, bado tu?" Ndiyo, bado. Yale yanapima Python peke yake. Fuata ngazi hizi, na usipande ya juu kabla ya kumaliza ya chini.

1. Soma yaliyorukwa. Mstari wa mwisho unaosema majaribio yamefaulu hauonyeshi yaliyorukwa. Hifadhi orodha ya yaliyorukwa kwenye ujenzi uliopita, ilinganishe na ya leo. Kama test_ssl ilikuwa ikiendeshwa jana na leo imerukwa, umepoteza kitu. Jaribio likishindwa, usiliongeze kwenye orodha ya kuruka kabla hujajua sababu.

Sababu inaweza kuwa nje ya Python kabisa. Februari 2024 expat 2.6.0 ilibadilisha namna inavyochakata XML inayoingia vipande vipande, kwa sababu ya usalama, na majaribio ya XML ya Python yakaanza kushindwa bila Python kuguswa. Aliyeyaruka hakujifunza lolote. Aliyeyafuatilia alijua kwamba programu zake zinazosoma XML kidogo kidogo zinahitaji kuangaliwa.

2. Ita moduli zote za C. Sakinisha kwenye mashine tupu, kisha:

    python3.13 -c 'import ssl, sqlite3, lzma, bz2, zlib, ctypes, readline, curses, uuid; print(ssl.OPENSSL_VERSION)'

Toleo la OpenSSL litakaloonekana liwe lile la Debian 12.

3. Saa na lugha. Python huchukua kanda za saa kutoka kwenye mfumo. Kwenye kontena dogo lisilo na tzdata, ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam") itaanguka, na mfumo wa malipo unaoandika saa za miamala utaanguka nao. Hakikisha unapata saa 3 mbele ya UTC. Jaribu pia kwa lokale ya C.UTF-8, ya sw_TZ na ya tr_TR. Ile ya Kituruki ina herufi i za aina mbili, na imefichua makosa mengi katika programu zinazodhani herufi kubwa na ndogo hubadilika kwa njia moja duniani kote.

4. Kuweka, kupandisha, kuondoa. Hapa tumia piuparts. Inasakinisha kifurushi kwenye mfumo safi, inakipandisha kutoka toleo la awali, inakiondoa, kisha inaangalia mabaki. Masasisho mengi hufaulu kwenye mashine mpya na kushindwa kwenye mashine iliyokuwa na toleo la zamani, na mashine zako zote ni za aina hiyo ya pili. Endesha na lintian pia, usome maonyo yake moja moja.

5. Vinavyoitegemea. Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Orodhesha kwanza kilichopo:

    apt-cache rdepends --installed libpython3.11

Utashangaa. gdb imo, vim-nox nayo, na huenda postgresql-plpython3 ipo ndani ya hifadhidata yako. Hizi zimeibeba Python tumboni na zitabaki na 3.11 hata uweke nini pembeni. Inayowatesa wasomaji zaidi ni libapache2-mod-wsgi-py3. Imetafsiriwa dhidi ya 3.11, hivyo haiwezi kuendesha mazingira pepe ya 3.13. Tovuti itatoa kosa la 500 na kumbukumbu zitalalamika kwamba moduli hazionekani. Una njia mbili: kujenga mod_wsgi nyingine kwa ajili ya 3.13, au kuendesha mfumo kwa gunicorn ndani ya mazingira yake pepe na kuiacha Apache au nginx ikae mbele. Mimi napendelea ya pili, kwa kuwa inaondoa kifurushi kimoja cha kutunza.

Kwa sasisho dogo ndani ya safu, vifurushi ulivyojenga juu ya Python yako vijengwe upya na majaribio yao yaendeshwe. Chombo kiitwacho ratt hupokea faili la .changes na kujenga upya kila kinachohitaji kifurushi hicho. Majaribio ya kifurushi kilichosakinishwa yaandike ndani ya debian/tests/control na uyaendeshe kwa autopkgtest kwenye mashine pepe. Hata moja fupi linafaa kuanzia:

    Test-Command: python3.13 -m venv "$AUTOPKGTEST_TMP/v" && "$AUTOPKGTEST_TMP/v/bin/python" -c 'import ssl, sqlite3'
    Depends: python3.13-full

Debian yenyewe inafanya hivi kwa ukali. Kifurushi kilichoingia unstable husubiri siku kadhaa kulingana na uzito uliotajwa, kwa kawaida 5, na kikivunja autopkgtest ya kifurushi kingine, njia ya kuingia testing hufungwa mpaka suala litatuliwe. Wewe huna mashine nyingi kama wao, lakini kanuni hiyo unaweza kuichukua nzima: anayevunja cha mwenzake asubiri.

6. Prosesa nyingine. Kama shule mnazozihudumia zina Raspberry Pi, jenga na upime kwenye Raspberry Pi. Kuigiza kwa qemu ni polepole na hutoa makosa ambayo kwenye mashine halisi hayapo.

7. Kazi halisi. Chukua nakala ya mfumo wa kweli, na data iliyofichwa majina, uiendeshe kwenye Python mpya kwa mzunguko mzima wa kazi: kufunga mwezi kwa SACCOS, usajili kwa chuo. Linganisha ripoti iliyotoka na ile ya mfumo wa zamani, mstari kwa mstari. Kile kisa cha nukta mkato kisingeonekana kwa njia nyingine yoyote.

## Kusambaza

- Tumia aptly au reprepro kuweka hifadhi yako. Ninapendekeza aptly kwa sababu inapiga picha ya hifadhi. Ukiharibu, unarudisha picha ya jana kwa amri moja ya publish switch.
- Anza na mashine moja isiyo ya hatari, kisha chache, kisha zote. Usianze Ijumaa, wala wiki ya mitihani, wala mwisho wa mwezi.
- Baada ya kusasisha, endesha needrestart. Huduma iliyokuwa ikiendeshwa itaendelea kutumia maktaba ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu mpaka iwashwe upya. Wengi huamini wameziba tundu la usalama kumbe mchakato wenye tundu bado unahudumia wateja.
- unattended-upgrades haichukui chochote kutoka hifadhi yako mpaka uitaje kwenye 50unattended-upgrades. Amua kwa makusudi: iruhusu, au mpe mtu kazi hiyo kwa jina na siku.
- Teua pia anayefuatilia matangazo ya usalama ya Python. Safu ya 3.13 itapata viraka vya usalama hadi Oktoba 2029. Andika tarehe hiyo kwenye nyaraka za ofisi.

## Mazingira pepe baada ya kuhama

Swali hili lilifurika Debian 13 ilipotoka: "Tumehama salama, lakini mfumo wetu unasema hauna Django." Mazingira pepe yaliyoundwa kwa 3.11 huweka moduli katika lib/python3.11/site-packages, na kiungo chake cha python3 sasa kinaelekea 3.13, ambayo haiangalii humo. Usihamishe faili kwa mkono. Kabla ya kuhama, andika orodha kwa pip freeze. Baada ya kuhama, futa mazingira hayo na uyaunde upya kutoka kwenye orodha. Wala usijaribu kukwepa kwa kusakinisha kwa pip moja kwa moja kwenye mfumo. Tangu Debian 12 pip inakataa kufanya hivyo, na ile alama ya kulazimisha inayotajwa ndani ya ujumbe wa kosa inaweza kufunika moduli ambazo Debian yenyewe inazitegemea.

## Ikiharibika

Kurudi nyuma kupangwe kabla ya kusonga mbele. Debian haiahidi kwamba kushusha toleo kutafanya kazi, kwa hiyo lijaribu hilo nalo kwenye mashine ya majaribio:

- Weka .deb zote za toleo la awali. Za Debian yenyewe zinapatikana snapshot.debian.org, za kwako hazipo popote ila kwako.
- Shusha vifurushi vyote vya familia hiyo pamoja: python3.13, python3.13-minimal, libpython3.13-stdlib, libpython3.13-minimal na vingine ulivyoweka. Kimoja kikibaki juu, apt itakataa.
- Ili kulazimisha mashine nyingi zishuke, weka faili ndani ya /etc/apt/preferences.d lenye Pin-Priority ya 1001. Chini ya 1000, apt haishushi toleo. Ukimaliza, ondoa faili hilo, la sivyo litazuia masasisho yajayo.

Na kama mashine ziko mbali, huwezi kuingia moja moja, tayari zimechukua 3.13.7-1~ofisi1 yenye kasoro, na unataka zirudi 3.13.5? Hazitachukua namba ndogo zenyewe. Toa kifurushi kipya chenye msimbo wa zamani na namba kubwa, kama Debian inavyofanya: 3.13.7+really3.13.5-1~ofisi1. Jina halipendezi, lakini kila mashine italiona ni jipya, italichukua kwenye sasisho lake linalofuata, na atakayefungua changelog ataona mara moja kilichomo ndani.